Kutoka Malta hadi Karema: Habari za Chuo Kidogo na Matunda Yake Kwetu Ufipa



Mwanafunzi wa Sumbawanga akiugua homa kali, moja ya mahali anapoweza kupelekwa ni Hospitali ya Dkt. Atiman. Jina hilo limeandikwa kwenye kadi za wagonjwa na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu. Lakini ukimwuliza kijana wa leo Atiman alikuwa nani, atakwambia labda alikuwa Mzungu wa misheni, au Mhindi. Hakuwa Mzungu wala Mhindi. Alikuwa Mwafrika kutoka kingo za mto Niger, aliyetekwa akauzwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa katika chuo kidogo cha kanisa kisiwani Malta, kisha akaja kufanya kazi ya utabibu Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, kwa muda wa miaka 67.

Nilipoombwa kuandika makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, niliona afadhali niandike habari za chuo hicho na za mtu huyo. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, historia yetu sisi watu wa Ufipa na pwani ya ziwa imeandikwa kidogo, na hata ile iliyoandikwa haisomwi. Pili, yako maswali ambayo wazazi na wanafunzi wanayauliza sana siku hizi: elimu pana ina faida gani? Mtoto anayesoma historia, lugha na fasihi ataajiriwa wapi? Je, si afadhali asome ufundi tu? Maswali hayo si mapya. Yaliulizwa zaidi ya miaka 140 iliyopita, na majibu yake yalijaribiwa hapa hapa petu. Basi na tuyatazame.

Elimu iliyokuwapo kabla ya shule

Hapana budi tuanze kwa kukumbuka kwamba watu wa Ufipa hawakungoja wageni waje ndipo wajifunze. Babu zetu walikuwa wafua chuma hodari. Tanuru la Wafipa, yaani ilungu, lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, limejengwa kwa udongo, na lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila kupulizwa kwa mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo la pili, ambalo hilo sasa lilipulizwa kwa mivuo, ndipo mhunzi akapata kitu cha kufulia majembe, shoka na mikuki. Magofu ya malungu hayo yangali yanaonekana mahali mahali katika uwanda wetu.

Kazi hiyo haikuweza kufanywa na mtu asiyefundishwa. Ilimpasa fundi ajue mawe, ajue kuni za kuchoma makaa, ajue udongo wa kujengea, ajue miiko na dawa zilizofuatana na kazi, na ajue kuwaongoza watu. Kijana alijifunza kwa miaka mingi chini ya bwana wake. Vivyo hivyo kilimo cha matuta ya mviringo, ambamo nyasi hufukiwa ili zioze na kurutubisha udongo, ni elimu iliyopatikana kwa kuchunguza na kurithishana. Watu wanaolima uwanda usio na misitu mingi, wenye mwinuko wa karibu mita 1,800 na zaidi juu ya bahari, wasingaliweza kuishi bila maarifa hayo.

Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nasema elimu ililetwa na meli. Kilicholetwa ni aina nyingine ya elimu, yenye vitabu na lugha za mbali, na yenye mitihani. Tujiulize ilikutana vipi na watu wetu.

Boma la Karema

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo Karema kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili kilichojiita Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Wakajenga boma. Mwaka huo huo Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji. Baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, pwani ya mashariki ya ziwa iliangukia upande wa Wajerumani, na Leopold akaelekeza nguvu zake Kongo. Basi mwaka 1885 vituo vya Karema na Mpala vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Boma lililojengwa kwa ajili ya bunduki likawa misheni.

Nchi wakati ule ilikuwa katika taabu. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita pande zote mbili za ziwa. Vijiji viliishi nyuma ya maboma ya miti. Watoto na wanawake wengi waliofika Karema walikuwa wametoka utumwani, ama wamekombolewa kwa bidhaa, ama wametoroka. Misheni ikawa mahali pa kukimbilia. Ndani ya hali hiyo ndipo aliletwa tabibu Mwafrika aliyejua mwenyewe maana ya kuuzwa.

Kadinali Lavigerie na fikra yake

Mwanzilishi wa Mapadri Weupe alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeunda shirika hilo mwaka 1868. Kazi yake ya kwanza Aljeria ilikuwa kulea yatima wa njaa kubwa ya miaka ya 1867 na 1868. Baadaye mapadri wake walipofika ukingoni mwa jangwa la Sahara, walikuta watoto wa Kiafrika wanauzwa sokoni, wakaanza kuwakomboa na kuwaweka shuleni.

Swali likazuka: watoto hawa wafundishwe nini? Lavigerie alilifikiria kwa makini. Tukifupisha mawazo yake kwa maneno yetu, aliona njia kama tatu. Mtoto angeweza kufundishwa ufundi wa mikono, lakini alihofu kwamba ufundi wa Ulaya hautamsaidia mtu atakayeishi mbali na zana za Ulaya. Angeweza kufundishwa kuwa karani au mwalimu, lakini hapo angeitegemea misheni siku zote kwa mshahara wake. Njia ya tatu ilikuwa utabibu. Tabibu, alisema, anahitajiwa na kila mtu, tajiri na maskini, Mkristo na asiye Mkristo. Anaheshimiwa popote, na anaweza kujitegemea.

Tena Lavigerie alikuwa na wazo lililowashangaza Wazungu wengi wa zama zake. Alitaka vijana hao wabaki Waafrika kwa nje: mavazi yao, chakula chao na malazi yao visiwe vya Kizungu, ili wakirudi barani wasijione wageni wala wasiwe mzigo kwa wenzao. Alisema wazi kwamba Afrika itabadilishwa na Waafrika wenyewe. Wazo hilo lilikuwa zuri. Hata hivyo lilikuwa na kigugumizi ndani yake, nami nitalirudia.

Chuo kidogo kisiwani

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua chuo chake Malta. Kisiwa hicho kiko kati ya Afrika na Ulaya, watu wake ni Wakatoliki, na lugha yao ina asili ya Kiarabu, kwa hiyo vijana waliokaa Aljeria hawakuwa wageni kabisa masikioni. Zaidi ya hayo, Malta ilikuwa na Chuo Kikuu cha zamani ambacho mzizi wake ni chuo cha Wajesuiti kilichoanzishwa mwaka 1592. Vijana wa Lavigerie waliishi katika chuo chao kidogo chini ya mapadri, na kwa masomo ya utabibu walikwenda Chuo Kikuu.

Kilikuwa chuo cha binafsi, kidogo sana, kisicho na ruzuku ya serikali yoyote, kilichotegemea sadaka. Wanafunzi wake walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alijulikana kwa jina na tabia. Walisoma dini, lugha, hesabu na maarifa ya jumla kabla na pamoja na utabibu. Walifundishwa kuandika barua na kusema mbele ya watu. Mhitimu alitarajiwa kuwa na kazi mbili katika mwili mmoja: kutibu, na kufundisha dini akiwa katekista. Ndiyo maana wakaitwa matabibu makatekista.

Wanafunzi wa leo wanaosikia juu ya vyuo vidogo vya Marekani vyenye asili ya kanisa, ambavyo mwanafunzi husoma falsafa, historia, sayansi na lugha kwa pamoja kabla ya kushika taaluma moja, wajue kwamba jambo la namna hiyo lilijaribiwa kwa Waafrika wenyewe karne ya 19. Wala Malta haikuwa peke yake. Kule Unguja, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilichoanza na watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mmoja wa watoto wa Kiungani, Cecil Majaliwa, alipewa upadri mwaka 1890. Chuo hicho ndicho baadaye kilichohamia Minaki. Yaani mara mbili, katika pande mbili za nchi hii, wasomi wa mwanzo walitoka miongoni mwa watu waliokuwa wamenyang'anywa kila kitu, hata majina yao.

Mtoto wa Tundurma

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 Tundurma, karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara na wafanyabiashara, akauzwa. Mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Akasomeshwa Aljeria, na mwaka 1881 akawa miongoni mwa wanafunzi wa chuo cha Malta. Alikaa huko hadi 1888.

Mwaka huo 1888 aliondoka na msafara wa Askofu Bridoux kupitia Unguja, wakatembea kwa miguu kutoka pwani hadi ziwani kwa njia ambayo maelfu ya watumwa waliipita wakielekea upande wa pili. Mwaka 1889 alifika Karema. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakurudi tena kwao. Mwaka huo huo alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na kwa ndoa hiyo akawa mkwe wa nchi, akapata ndugu, wajomba na mashemeji. Mtu aliyepoteza ukoo wake kwa nguvu akaupata mwingine kwa posa na heshima.

Kazi aliyoikuta ilikuwa kubwa. Pwani ya Ziwa Tanganyika ilikuwa na homa, ndui, vidonda sugu, majeraha ya wanyama na ya vita. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulihamisha watu na kuua wengi kandokando ya ziwa. Hapakuwa na hospitali ya serikali iliyokuwa karibu. Tabibu mmoja, na sanduku la dawa lililotegemea msafara au mashua, ndiye aliyekuwa idara nzima ya afya. Alipasua, alifunga mifupa, alizalisha, alichanja. Jioni alifundisha katekisimu.

Tawala zikabadilika mbele ya macho yake. Alifika nchi ikiwa bado haijashikwa sawasawa na Wajerumani, akawaona wakitawala, akawaona wakiondoka katika Vita Kuu ya Kwanza, akaishi chini ya Waingereza. Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90, miaka mitano tu kabla ya Uhuru. Katika muda huo wote hakubadili kituo chake cha kazi. Sisi watumishi wa umma tunaoandika barua za kuomba uhamisho kabla hatujamaliza mwaka tuna la kujifunza hapo, japokuwa sisemi kwamba kila ombi la uhamisho ni baya.

Chuo kilikufa, mbegu ikabaki

Sasa nirudie kile kigugumizi nilichokitaja. Chuo cha Malta hakikudumu. Kadinali Lavigerie alifariki mwaka 1892, na kabla karne ya 19 haijaisha chuo kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa cha gharama, na matunda yake kwa hesabu ya vichwa yalikuwa machache.

Zaidi ya gharama, palikuwa na tatizo la msingi. Kijana alitolewa Afrika, akawekwa kisiwani kwa miaka mingi, akafundishwa kwa lugha za Ulaya katika Chuo Kikuu cha Ulaya, kisha akaambiwa abaki Mwafrika kama vile hakuna kilichotokea. Tena hakuulizwa. Alikombolewa kwa fedha, jambo la huruma bila shaka; lakini yule aliyemkomboa ndiye pia aliyemchagulia dini, masomo, kazi na nchi ya kuishi. Tukisifu mema ya chuo kile ni haki tuseme na hili. Mtoto wa Tundurma alifanya makubwa kwa watu wa Karema, lakini hakuna aliyempeleka Tundurma akaone kama mama yake yu hai.

Hata hivyo mapadri wenyewe walijifunza kutokana na kufungwa kwa Malta. Waliona kwamba ni bora kumsomesha Mwafrika katika Afrika, karibu na watu wake. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza misheni ya Tanganyika kuanzia 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, alitilia nguvu shule za makatekista na seminari huku huku ziwani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuchunguza. Kitabu chake juu ya nchi na watu wa pwani ya Tanganyika, pamoja na Wafipa, kilichapishwa mwaka 1913. Wakati wake pia lilianzia Karema shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao wasichana wa Ufipa waliosomeshwa nao ni wengi hawahesabiki. Tulikumbuke hilo, kwa sababu chuo cha Malta kilikuwa cha wavulana tu.

Mwaka 1923 tukio moja liliunganisha hadithi yote. Joseph Atiman, mwana wa Adrian na Agnes, alipewa upadri. Baba alikuwa ameuzwa kama bidhaa. Mwana alisimama altareni akiwa amesoma Kilatini, falsafa na teolojia bila kwenda Malta. Tangu 1925 masomo ya juu ya seminari kwa majimbo kadhaa ya Mapadri Weupe yalifanyika Kipalapala, karibu na Tabora. Kabla ya kuwapo Chuo Kikuu chochote katika Tanganyika, Kipalapala ilikuwa mahali ambapo kijana wa Kifipa, wa Kisukuma na wa Kinyamwezi waliweza kukaa benchi moja wakasoma falsafa kwa miaka miwili kisha teolojia kwa minne.

Katika mfululizo huo wa shule na seminari ndipo walipotoka viongozi wa kanisa tunaowafahamu. Charles Msakila aliwekwa kuwa Askofu wa Karema mwaka 1958, na mwaka 1969 makao ya jimbo yakahamia Sumbawanga. Aliliongoza hadi 1994. Polycarp Pengo, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, alipewa upadri mwaka 1971 na mwaka 1998 akawa Kadinali, wa pili kwa nchi yetu baada ya Laurean Rugambwa. Lakini tusiwahesabu waliopata vyeo vya kanisa tu. Wavulana wengi walioingia seminari hawakufika upadri. Walitoka njiani wakawa walimu, makarani, mahakimu, waganga wasaidizi na watumishi wa serikali. Wakuu wa idara waliofanya kazi nao husema kwamba waliwatambua kwa mambo mawili: mwandiko wao na uwezo wao wa kupanga hoja.

Serikali na elimu hiyo

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliuliza tena swali la Lavigerie, safari hii kwa niaba ya taifa. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisema kwamba shule tulizorithi zilimtenga mtoto na jamii yake, zikamfanya adharau jembe, zikamfanya aone kitabu ndicho chanzo pekee cha maarifa. Lawama hizo zilikuwa za haki. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule nyingi za mashirika ya dini zikawa za taifa, ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Seminari ziliachwa mikononi mwa kanisa.

Lakini tumtazame Mwalimu mwenyewe. Yeye hakusomea uhandisi wala utabibu. Alipata shahada ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, akasoma historia, uchumi na falsafa, na akafundisha katika shule za Wakatoliki za St. Mary's Tabora na Pugu. Akiwa Rais alipata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu yule yule aliyesema mtoto ashike jembe ndiye aliyekesha akitafuta neno la Kiswahili litakalobeba neno la mshairi wa Uingereza. Kwake hapakuwa na ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Elimu ya kujitegemea haikuwa elimu finyu.

Kanisa nalo liliendelea. Nyegezi, Mwanza, taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1960 ilikua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Walutheri nao wakafungua chao cha Tumaini. Leo mtoto wa Ufipa anaweza kusoma chuo chenye mizizi ya kanisa bila kuvuka bahari, mradi ada ipatikane.

Tunajifunza nini?

Katika kazi yangu serikalini napokea vijana wapya kila mwaka. Wengi wana vyeti vizuri. Wapo wanaojua kompyuta kuliko sisi wakubwa wao. Lakini mpe kijana malalamiko ya wanakijiji juu ya mpaka wa shamba, umwambie asome, apime pande zote mbili, kisha aandike ukurasa mmoja utakaomwezesha mkubwa wake kuamua kwa haki. Hapo ndipo utakapoona nani alisoma na nani alikariri. Shamba lile ni chakula cha watu. Ukurasa mbaya unaweza kumhamisha mjane asiye na kosa. Ndiyo sababu nasema elimu pana si pambo.

Nawasikia wanafunzi wa michepuo ya HKL na HGL wakichekwa na wenzao kwamba wanasomea ukosefu wa kazi. Nao wa sayansi wanaambiwa historia haiwahusu. Maisha ya Atiman yanawajibu wote. Alikuwa mtu wa sayansi kwa kazi yake. Sindano na kisu vilikuwa mikononi mwake kwa karibu miongo saba. Lakini mwishoni mwa maisha yake alifanya jambo ambalo sindano haiwezi kulifanya. Aliandika habari za maisha yake mwenyewe, kwa Kifaransa alichofundishwa utotoni, na mwaka 1946 zikatolewa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa sababu aliandika, tunajua. Maelfu waliopita naye jangwani hatuna hata majina yao.

Hilo ndilo tofauti kubwa kati ya ufundi peke yake na ufundi uliofuatana na elimu pana. Mafundi wetu wa malungu walikuwa wanasayansi wa kweli. Lakini majembe ya kiwandani yalipojaa sokoni, kazi ilikoma, na mengi waliyoyajua yakazikwa nao. Tunategemea sana maandishi ya wageni waliokuja kuwauliza wazee wetu maswali ambayo sisi wajukuu hatukuyauliza.

Maombi kwa wahitimu na wanafunzi

Sipendi kumaliza kwa mawaidha matupu, kwa hiyo natoa maombi matatu mbele ya mkutano wetu.

La kwanza, wahitimu tuchangie kabati moja la vitabu vya historia ya Rukwa na Katavi katika maktaba ya shule yetu. Karema sasa imo Mkoa wa Katavi, uliogawanywa kutoka Rukwa mwaka 2012, na ni sehemu ya Jimbo la Mpanda lililoundwa mwaka 2000. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini historia ni moja. Tafsiri ya Kiswahili ya maisha ya Atiman iwe kazi ya wenzetu wanaojua lugha.

La pili, wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Tano wapewe kazi wakati wa likizo: kila mmoja amhoji mzee mmoja wa kijiji chake, mwanamke au mwanamume, aandike kurasa tatu kwa jina la mzee, jina la kijiji, na tarehe ya mazungumzo. Wazee waliowahi kutibiwa na Daktari Atiman mwenyewe hawakubaki wengi. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1956 sasa anakaribia 80. Kila masika inayopita inaondoka na kurasa ambazo hakuna fedha itakayozirudisha.

La tatu nawaomba wazazi. Mtoto akisema anataka kusoma historia au fasihi, msimkatishe tamaa kabla ya kumwuliza anataka kufanya nini na elimu hiyo. Na yule anayekwenda kwenye sayansi, mhimizeni asome na kuandika vizuri, ili siku moja aweze kutueleza alichokiona.

Chuo cha Malta kilidumu kwa miaka michache, kikawa na wanafunzi wachache, kikafungwa. Kwa hesabu za wakaguzi kilishindwa. Lakini mhitimu wake mmoja alitibu vizazi vitatu vya watu wa pwani yetu, akamsomesha mwanawe, akaacha maandishi. Shule yetu nayo si kubwa. Tusipimane kwa wingi wetu wala kwa magari tuliyokuja nayo kwenye mkutano huu. Tupimane kwa kazi tunayoiacha mahali tulipotumwa.

Nawatakia mkutano mwema, na wanafunzi nawatakia mitihani mema.